Ostia ya Kale: Fuateni Shehena

Wakubwa zetu shikamooni, na wenzetu hamjambo.

Mmetuita tuzungumze juu ya Ostia Antica, mji wa bandari wa Warumi ambao leo ni magofu, kwa faida ya wale mtakaopata siku moja ya ziada mkiwa Roma. Njia ya kufika tutaieleza, ila hiyo ni kazi ya dakika 2. Kubwa tunalotaka kuwaachia ni namna ya kuutazama. Mtu asiyejua anatafuta nini Ostia huona kuta za matofali mekundu mwendo wa zaidi ya kilomita moja, akachoka, akapiga picha kwenye ukumbi wa maonyesho, akarudi. Hakuona bandari. Rai yetu ni hii: achaneni kwanza na nguzo na masanamu. Shikeni gunia moja la ngano, mlifuate kutoka baharini hadi linapokuwa mkate.

Tuanze na jina. Kwa Kilatini ostium ni mlango, na neno hilohilo ni mahali mto unapoingia baharini. Mtu anayesema "mlango wa mto" hahitaji tafsiri. Mto ni Tiber, na mji uko kiasi cha kilomita 25 kusini-magharibi mwa Roma. Warumi walisimulia kwamba mfalme wao Ancus Marcius ndiye aliyeuanzisha, katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Lakini majengo ya zamani kabisa yaliyofukuliwa ni ya karne ya 4 kabla ya Kristo: ngome ya mstatili, mita 194 kwa 125 hivi, iliyojengwa kwa mawe makubwa ya tufo, yaani jiwe laini la volkeno. Ngome hiyo ililinda mlango wa mto. Biashara ilikuja baadaye ikaimeza, na sehemu za ukuta wake bado zinaonekana katikati ya mji, zikiwa zimebanwa na maduka.

Sasa tatizo lililoutesa mji huu tangu mwanzo hadi mwisho. Tiber ni mto wa tope. Kila mwaka unashusha mchanga na udongo, na mlangoni unajenga fungu. Merikebu kubwa ya nafaka iliyotoka Aleksandria isingeweza kuvuka fungu hilo ikiwa imejaa. Strabo, mwanajiografia aliyeandika zama za Kaisari Augusto, anaeleza hali ilivyokuwa: merikebu zinatia nanga nje kwenye mawimbi, matishari yanatoka kuzipunguzia mzigo, ndipo nazo zinaingia zikiwa nyepesi. Kwa anayejua kazi ya matishari, hapo hatari haijifichi. Bahari ikichafuka, kazi inasimama, na mji mkuu unangoja chakula. Ndiyo maana kwa muda mrefu nafaka ya Misri ilishushwa mbali kusini, Puteoli karibu na Napoli.

Mwaka 42 baada ya Kristo, Kaisari Klaudio alianza kuchimba bandari mpya, kilomita 3 hivi kaskazini mwa Ostia. Mahali hapo pakaitwa Portus. Walijenga kuta mbili za kukinga mawimbi, kama mikono miwili iliyokumbatia maji, na kwa msingi wa mnara wa taa walizamisha meli kubwa mno iliyokuwa imejazwa zege. Meli hiyo ndiyo iliyoleta kutoka Misri mnara wa jiwe moja ambao leo umesimama katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikano. Uhandisi wake unashangaza, na kasoro yake ni rahisi: beseni lilikuwa pana mno, upepo ukaweza kuinua mawimbi humohumo ndani. Mwaka 62 tufani ilizamisha meli 200 hivi zikiwa tayari bandarini. Mwanahistoria Tacitus aliiandika habari hiyo.

Kaisari Trajani, mwanzoni mwa karne ya 2, akaja na jibu tunaloliona bora kuliko majengo yote ya fahari ya Roma. Alichimba ndani ya nchi kavu beseni la pembe sita, kila upande mita 358 hivi, kina kama mita 5, likaunganishwa na bahari na mto kwa mfereji. Kwa nini pembe sita? Kila upande ni gati lililonyooka, meli inalala ubavu mzima, na maghala yako nyuma yake palepale. Nguzo za gati ziliwekwa namba, nahodha akajua afunge wapi. Beseni hilo bado lina maji. Mkitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, na mkakaa upande unaofaa wa ndege, mtaona chini ziwa dogo la pembe sita. Ndilo hilo. Ostia, pamoja na kwamba meli kubwa zilihamia Portus, ilibaki mji wa ofisi, maghala, viwanda na makazi.

Njia sasa. Shukeni kituo cha Piramide kwenye metro laini B. Ubavuni pake ni kituo cha Porta San Paolo, panapoanzia treni ya kwenda pwani, na tiketi ya kawaida ya mjini inatosha. Safari ni nusu saa hivi. Shukeni kituo kilichoandikwa Ostia Antica. Mkipitiliza mkashuka Lido, mtajikuta ufukweni pa kuogelea katikati ya miavuli. Kutoka kituoni mnapanda daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, kisha mwendo mfupi hadi langoni. Jumatatu pamefungwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, na watu hujaa.

Viatu ndilo jambo ambalo watu hulidharau. Barabara kuu, Decumanus Maximus, imetandikwa mabamba ya jiwe jeusi la volkeno, yamevimba mgongo, yana mianya, na baada ya mvua yanateleza. Kandambili haziendi. Miti ya kivuli ni michache katikati ya mji, kwa hiyo Julai na Agosti ingieni mapema asubuhi mkiwa na kofia na chupa ya maji. Tengeni muda wa saa 4 nzima. Wenye muda wa saa 2 wataona nusu, tena nusu isiyo na bandari.

Mkiingia kwa Porta Romana, upande wa kulia mtakuta mabafu ya Neptuno. Pandeni ngazi za kibaraza, mtazame chini: mungu wa bahari anavutwa na farasi wenye mikia ya samaki, mozaiki nyeusi kwa nyeupe. Nyuma yake ni kambi ya zimamoto. Msiidharau kambi hiyo. Mji wenye maghala ya nafaka, mafuta na mbao ni mji unaolala na moto chumba kimoja, na serikali ilijua.

Kisha ukumbi wa maonyesho. Ulijengwa zama za Agripa, mkwe wa Augusto, ukapanuliwa mwishoni mwa karne ya 2 ukafikia watu 4,000 hivi. Tusidanganyane: sehemu kubwa ya viti mnavyokalia ni ukarabati wa karne ya 20. Piteni, zungukeni nyuma.

Huko nyuma kuna uwanja wenye hekalu dogo katikati, na kuuzunguka pande tatu ni safu ya vyumba kama 60. Hizi zilikuwa ofisi za wenye meli na wafanyabiashara. Mbele ya kila mlango, sakafuni, mozaiki inakuambia ni akina nani. Someni polepole. NAVICVLARI MISVENSES HIC: wenye meli wa Misua wako hapa. Pana wa Karthago. Pana wa Syllectum, ambayo leo ni Salakta, Tunisia. Pana wa Narbo, kusini mwa Ufaransa, na wa Karalis, yaani Cagliari ya Sardinia. Mkihesabu zile zinazosomeka, Afrika Kaskazini inaongoza, na haishangazi, maana Roma ilikula ngano ya Afrika na Misri. Kuna chombo kimoja kimesimama ubavu kwa ubavu na kingine, na mtu anahamisha mtungi kutoka huku kwenda kule. Hilo ndilo tishari tulilolitaja.

Ofisi ya Sabratha, mji wa Libya ya leo, ina tembo. Wengi huhusisha tembo huyo na biashara ya pembe au ya wanyama. Hapa tuwaombe walimu jambo moja: msiwaambie wanafunzi kwamba ni tembo wa Tsavo. Ni kweli kwamba karne ya 1 pembe za pwani ya Afrika Mashariki, kutoka soko lililoitwa Rhapta, zilipanda Bahari ya Shamu hadi Misri iliyokuwa chini ya Roma. Lakini njia ya Sabratha ilikuwa nyingine, na sakafu hii inazungumzia hiyo nyingine. Na msikanyage mozaiki. Kijiwe kimoja kikilegea, maji yanaingia chini yake, mizizi inafuata, na baridi ya usiku inapanua ufa. Mwaka wa pili jirani zake wanane wameng'oka. Majira ya baridi baadhi ya sakafu hufunikwa, kwa hiyo msilalamike mkikuta kitambaa na mchanga.

Mzigo umeshuka. Sasa nani anapima?

Turuke mbele kidogo hadi barabara iitwayo Via della Foce, ambako kuna ukumbi wa chama cha wapimaji wa nafaka, mensores. Kama mna dakika 10 tu za kusimama mahali pamoja mji mzima, simameni hapa. Sakafuni kuna picha ya kazi yenyewe. Hamali anakuja na gunia begani. Kijana ameshika kamba ya kuhesabia, ndiye karani wa tarakimu. Katikati kuna pipa la kupimia, modius, na kando yake mpimaji ameshika fimbo. Modius ilikuwa lita 8.7 hivi, kwa ngano ni kilo 6 na nusu na kitu, yaani zaidi ya pishi 2 zetu. Fimbo ni ya nini? Waulizeni wazee waliopima kwa kibaba na pishi. Ni ya kufutia. Kipimo kilichorundikwa kichwa na kipimo cha mfuto havilingani, na kwenye merikebu yenye maelfu ya vipimo, kichwa kidogo kila mara ni utajiri wa mtu fulani. Kwa hiyo mpimaji si wa muuzaji wala wa mnunuzi, ni wa chama, na anafuta mbele ya watu.

Kutoka kwa mpimaji, ghalani. Yako mengi, na yaliyo makubwa kuliko yote ni Grandi Horrea, si mbali na ukumbi wa maonyesho. Tazameni sakafu badala ya kuta. Mtaona vikuta vifupi vya matofali vimepangwa sambamba, vimeacha mianya katikati. Juu yake ndipo palipotandikwa sakafu halisi, hewa ikapita chini. Sababu ni kwamba ngano iliyopata unyevu hujipasha joto yenyewe. Joto linaita ukungu, ukungu na joto vinaita fukusi, na lundo linaweza kuchipua likiwa bado ghalani. Ostia iko kando ya mto, maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo bila sakafu ya kuinuliwa mzigo usingedumu. Kuta nazo ni nene kwa sababu nafaka ikirundikwa husukuma ubavuni.

Ghala la Epagathiana lilikuwa la watu binafsi, la katikati ya karne ya 2. Lango lake lina nguzo za matofali na juu bamba la marumaru lenye majina ya wenyewe, Epagathus na Epaphroditus. Ni majina ya Kigiriki, na wengi huwahesabu kuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika. Angalieni matundu ya makomeo mlangoni: mlango baada ya mlango. Hapa hapakuwekwa ngano ya umma. Hapa paliwekwa vitu vya bei.

Mvinyo na mafuta havikai kwenye sakafu ya kuinuliwa, vinakaa ardhini. Karibu na jumba la makumbusho kuna chumba chenye kasiki 35 zilizofukiwa hadi mabegani, midomo tu iko nje. Udongo unazituliza joto na kuzishika zisipasuke kwa uzito wake. Inameni msome midomoni: zimechorwa tarakimu za ujazo, kwa kipimo cha amphora, ambacho ni lita 26 hivi. Kasiki moja ya amphora 40 inapita lita 1,000. Haisogezwi. Iliwekwa kwanza, paa likafuata.

Sehemu kubwa ya nafaka haikubaki Ostia. Ilipakiwa kwenye mashua za mtoni zenye matako mapana, ikavutwa kwa kamba kutoka ukingoni dhidi ya mkondo, siku 3 hivi hadi Roma. Lakini mji nao ulikula. Ingieni Via dei Molini, kwenye kiwanda cha mikate. Mawe ya kusagia bado yamesimama. La chini lina umbo la koni, limekazwa. La juu lina kiuno chembamba, kama vikapu viwili vilivyounganishwa matako, nusu ya juu inapokea ngano na nusu ya chini inasaga. Ni jiwe la volkeno lenye vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyolifanya jiwe libaki na makali hata likilika. La juu lazima lining'inie kidogo kwenye mhimili. Likishuka likagusa la chini, mawe yanasagana yenyewe na unga unajaa changarawe. Waliozunguka ni punda na nyumbu, na ndiyo maana sakafu hapo ni ya mabamba ya barabarani: sakafu ya kawaida isingestahimili kwato zinazopita duara moja kutwa. Kando kuna vyungu vikubwa vya mawe vyenye matundu ubavuni. Ni vya kukandia, na matundu ni ya vyuma vilivyozuia donge lisizunguke lote pamoja na upawa.

Hatua chache mbele, Via di Diana, kuna mgahawa. Kaunta ya marumaru, beseni za kuoshea vyombo, picha za vyakula ukutani. Mkabala wake ni nyumba ya ghorofa, maduka chini na wapangaji juu. Trajani aliweka kikomo cha futi 60 za Kirumi, mita 18 hivi, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wakipandisha ghorofa mpaka zinaporomoka. Mwenye kuishi Kariakoo au Eastleigh atatabasamu.

Choo cha umma karibu na mabafu ya uwanja mkuu wa mji kila mtu anapiga picha amekaa, nasi hatuwakatazi.

Tulieni sasa kwenye kuta, maana ukuta wa Ostia ni kalenda. Ukiacha zile za ngome, ndani zote ni zege la chokaa na majivu ya volkeno, tofauti iko kwenye uso. Mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa ni ya ngome. Vijiwe vya mraba vilivyosimama kwa pembe, vikafanya sura ya wavu wa mvuvi, vinaanzia karne ya 1 kabla ya Kristo. Wavu huohuo ukiwa umefungwa mikanda ya matofali, fikirieni Trajani na Kaisari aliyemfuata, Hadriani. Matofali matupu, membamba, chokaa chembamba, ni karne ya 2, wakati mji uko kileleni. Safu ya tofali, safu ya vijiwe, safu ya tofali, safu ya vijiwe: hiyo ni ya mwisho mwisho, wakati watu wanaokoteza vifaa.

Baadhi ya matofali yana mhuri wa kiwanda na majina ya makonsuli wawili, yaani wakuu wa serikali walioshika madaraka mwaka huo. Mihuri ya PAETIN ET APRON, mwaka 123, imejaa. Hapa wageni wengi huteleza: mhuri unasema tofali lilichomwa lini, hausemi ukuta ulijengwa lini. Matofali hulala yadini, na tofali la jengo lililobomoka huenda jengo jingine. Mkikuta mhuri wa 123, ukuta hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, basi. Na kabla hamjaamini ukuta wowote, hakikisheni si wa mafundi wa karne ya 20, maana walijenga upya mengi.

Hekalu kubwa la uwanja mkuu wa mji, la zama za Hadriani, limebaki mifupa ya matofali. Marumaru ilikwenda wapi? Baadhi ilipakiwa kwenda kujengea makanisa, na iliyobaki ilichomwa. Marumaru ni mawe ya chokaa, ukiitia tanurini unapata chokaa safi, na katika zama za kati mahali hapa paliitwa Calcara, tanuri la chokaa. Hasara nyingine ilikuja karibuni zaidi. Kati ya 1938 na 1942 walifukua eneo kubwa kwa pupa, wakitaka mji uwe tayari kwa maonyesho ya kimataifa ya Roma ambayo vita iliyazuia. Walitaka karne ya 2, wakazoa tabaka za karne za baadaye bila kuziandika vya kutosha. Ndiyo sababu Ostia mnayoiona inaonekana kama ilikufa ghafla ikiwa tajiri. Haikuwa hivyo. Mwaka 387 watu bado walikuja kungoja meli hapa, na Monika, mama yake Augustino, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alifia hapa akingoja kurudi kwao. Mto nao ukaondoka: gharika ya 1557 ilikata kona yake, ukauacha mji bila maji mbele.

Mkiwa bado na miguu, endeleeni hadi Porta Marina, kisha kusini kwenye sinagogi, miongoni mwa kongwe zaidi Ulaya, lililogunduliwa 1961 barabara ya uwanja wa ndege ilipokuwa ikijengwa. Tazameni juu, kwenye jiwe lililobebwa na nguzo: kinara cha taa saba. Zamani mawimbi yalikuwa karibu na ukuta huu. Leo bahari iko kilomita 3 hivi mbele, yote hiyo ni ardhi iliyoletwa na Tiber. Watu wachache hufika hapa, na wanaofika husahau saa. Lango la kutokea ni lile mliloingilia, nyuma kabisa, juu ya mawe yaleyale. Kwa mwendo wa mtu aliyechoka wekeni dakika 40 kabla ya filimbi za walinzi.